Uchambuzi wa kisa: giaboksi ya 4L60-E baada ya kufungwa konveta ya stoli ya juu

Gari la kisa hiki ni Chevrolet Camaro Z28 ya mwaka 2000, yenye injini ya LS1 ya lita 5.7, giaboksi ya otomatiki ya 4L60-E yenye gia nne, difu ya 3.23 na tairi za 245/50R16. Mwenye gari ni Mtanzania anayeishi Houston, Texas. Alinunua konveta ya toki yenye stoli ya 3,200 ili gari lichomoke haraka kwenye mbio za robo maili, akaipeleka kwenye gereji moja ikafungwa vizuri, na tangu siku ile gari likawa halikaliki. Alipolileta kwangu alikuwa ameshapewa majibu. "Kaka, wameniambia giaboksi imekwisha," alisema. "Ama niifungue nibadilishe klachi zote, ama nitafute nyingine."

Malalamiko yake yalikuwa haya. Akikanyaga mafuta hadi mwisho kutoka kusimama, gari linatoka kwa nguvu kweli, lakini gia ya kwanza haibadiliki kwenda ya pili; injini inagonga kikomo cha mizunguko, inakatakata, kisha gia ya pili inaingia ikiwa imechelewa. Kwenye barabara kuu, kwa mwendo wa kilomita 90 hadi 100 kwa saa, mizunguko ya injini inapanda na kushuka bila yeye kusogeza mguu wake kwa kiasi cha maana, hasa kwenye vilima vya madaraja. Mjini, gia ikitoka ya kwanza kwenda ya pili kwa mwendo wa taratibu, gari linapigwa kama limegongwa kwa nyuma. Joto la oili linapanda kuliko zamani. Na akisimama kwenye taa za barabarani, gari linataka kusonga mbele, kwa sababu injini haishuki kwenye sailensa yake ya kawaida, yaani mizunguko yake ya chini isipokanyagwa mafuta.

Fundi anayesikiliza orodha hiyo kwa haraka atasema klachi zinateleza, na sishangai kwamba gereji ya kwanza ilifika huko. Lakini malalamiko yote hayo yanaweza kutokea kwenye giaboksi nzima kabisa, iwapo kompyuta inayoiongoza bado inadhani konveta ya kiwandani ipo mahali pake. Hilo ndilo nililotaka kulithibitisha au kulikanusha kwanza, kabla ya mtu yeyote kufungua boliti moja.

Ni lazima kueleza kidogo konveta yenyewe. Ni chombo cha duara kilichofungwa kwenye bamba la flaiwili, kimejaa oili ya giaboksi, na ndani yake kuna mapangaboi ya aina tatu: pampu inayozungushwa na injini, tabaini inayozungusha shafti ya kuingilia giaboksi, na steta iliyo katikati, ambayo hurudisha oili kwenye pampu kwa pembe inayosaidia badala ya kupinga. Stoli ni mzunguko wa juu ambao injini inaufikia gia ikiwa imeingizwa, tabaini imezuiwa isizunguke, na mafuta yamekanyagwa hadi mwisho. Konveta ya kiwandani ya gari kama hili hukaa kwenye 1,700 hivi kwa dakika. Ya 3,200 inaiacha injini ipande hadi pale ilipo na nguvu ya kutosha ndipo mzigo wote uifikie, na ndiyo maana gari linachomoka.

Watu wengi hununua namba ya stoli kana kwamba imegongwa muhuri kwenye chuma. Si hivyo. Stoli hutegemea toki ya injini iliyo mbele yake, na hupanda kwa kipeuo cha pili cha toki hiyo: konveta inayofika 3,200 mbele ya toki ya Nm 400, ukiifunga nyuma ya injini ya Nm 500, itafika karibu 3,580. Kanuni hiyohiyo hufanya kazi kwa upande wa pili, ambao hausemwi sana madukani. Unapoendesha taratibu, injini ikitoa toki ndogo, konveta hiyo haikai kwenye 3,200; inakaa chini zaidi, lakini bado inateleza zaidi ya ile ya kiwandani katika kila mwendo na kila mzigo. Utelezi huo ni wa kawaida kwa konveta ya aina hiyo. Kompyuta ndiyo haina habari nao.

Haina habari kwa sababu 4L60-E ya mwaka 2000 haina sensa ya kuhesabu mizunguko ya shafti ya kuingilia. Ina sensa ya mizunguko ya injini upande mmoja, na sensa ya mwendo kwenye mkia wa giaboksi upande mwingine. Kinachotokea katikati, yaani konveta inateleza kiasi gani, na pleti za klachi zinateleza kiasi gani, kompyuta hukikisia kwa kulinganisha namba hizo mbili na uwiano wa gia iliyoamriwa. Uwiano huo ni 3.06 kwa gia ya kwanza, 1.63 kwa ya pili, 1.00 kwa ya tatu na 0.696 kwa ya nne. Konveta isipofungwa na lokapu, yaani klachi iliyo ndani yake, haiwezekani kwa hesabu hiyo kutenganisha utelezi wa oili na utelezi wa pleti. Fundi anayesoma skana akaona mizunguko ya injini iko juu ya hesabu kwa 500, akasema klachi imekwisha, amesoma namba sahihi na kuipa maana isiyo yake.

Nilianza na yale yanayoonekana kwa macho. Oili ilikuwa imeanza kuelekea rangi ya kahawia, lakini haikuwa na ile harufu kali ya kuungua. Tuliposhusha sampu, sumaku yake ilikuwa na ute mwembamba wa kijivu, bila vipande vya chuma na bila nyuzi za pleti. Kompyuta haikuwa imehifadhi msimbo wa P1870, ambao kwenye giaboksi hizi hutolewa pale kompyuta inapoona utelezi usiokubalika. Hayo peke yake hayatoshi kusema giaboksi ni nzima, ila yanatosha kumzuia mtu asiifungue siku hiyo.

Jaribio lililofuata ndilo ninalolithamini kuliko yote katika kisa hiki. Kwa kutumia HP Tuners, programu ya kusoma na kubadilisha faili la kompyuta ya gari, tulikwenda barabara kuu, gia ya nne ikiwa imeingia, nikaiamuru moja kwa moja klachi ya lokapu ifunge kwa nguvu yake yote. Klachi hiyo iko ndani ya konveta. Ikifunga, pampu na tabaini huwa kitu kimoja na oili haina tena nafasi ya kuteleza. Hesabu ya karatasi ni rahisi: tairi ya ukubwa ule huenda karibu mita 1.98 kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo kwa kilomita 100 kwa saa magurudumu huzunguka mara 842 kwa dakika, shafti ya kwenda kwenye difu mara 2,719, na injini, kupitia gia ya nne, mara 1,890 hivi. Tuliona 1,890 na kitu kwenye skana, na tulipokanyaga mafuta hadi nusu kwenye mwinuko, namba hiyo haikuachana na mwendo wa gari. Tukarudia kwenye gia ya tatu, ambako injini ilipaswa kuwa kwenye 2,720, na ikawa hapo.

Maana yake ni kubwa. Katika gia ya nne, klachi ya tatu na nne pamoja na bendi ya pili na nne ndizo zinazobeba mzigo; katika gia ya tatu ni klachi ya kwenda mbele na klachi hiyohiyo ya tatu na nne, ambayo mafundi wote wa 4L60-E wanaijua kuwa ndiyo mahali dhaifu pa giaboksi hii tangu enzi za mtangulizi wake, 700R4 ya mwaka 1982. Kama yoyote kati ya hizo ingekuwa inateleza, au kama lokapu yenyewe ingekuwa inateleza, injini ingekuwa juu ya hesabu. Haikuwa. Jaribio la nusu ya mafuta halihakikishi kwamba pleti zitahimili mzigo wa mwisho kwa miaka, na nilimwambia mwenye gari hivyo. Lakini linahakikisha kwamba malalamiko aliyokuja nayo, ambayo mengi yanatokea kwenye mzigo mdogo, hayatoki kwenye pleti.

Tukaingia sasa kwenye faili la kompyuta, tukianza na gia ya pili kukataa kuingia kwa wakati.

Kompyuta ya LS1, mafuta yakiwa yamekanyagwa hadi mwisho, huamua kubadilisha gia kwa kutazama vitu viwili kwa pamoja: mizunguko ya injini na mwendo wa gari. Vyote viwili lazima vifikie kiwango kilichoandikwa kwenye jedwali ndipo amri itoke. Faili la gari hili lilitaka maili 39 kwa saa, yaani karibu kilomita 63, kwa badiliko la kwanza. Kwa konveta ya zamani, iliyokuwa ikiteleza kama asilimia 5 kwenye mwendo ule, kilomita 63 kwa saa katika gia ya kwanza ni mizunguko 5,500. Amri ikitoka hapo, oili huchukua muda kusukuma pistoni na kubana bendi, na katika muda huo injini inaendelea kupanda, kwa hiyo gia inaingia kweli kwenye 6,000 hivi. Watengenezaji waliipanga hivyo kwa makusudi.

Konveta mpya ilikuwa ikiteleza karibu asilimia 10 kwenye hali ileile. Injini ilifika 5,500 gari likiwa bado halijafika kilomita 60 kwa saa, na kompyuta ikaendelea kusubiri mwendo. Mwendo ulipotimia, injini ilikuwa imeshafika 5,800. Ongeza hapo muda wa oili, ambao kwenye rekodi zetu ulikuwa kama thuluthi moja ya sekunde, huku injini ikipanda kwa kasi ya mizunguko 1,700 hivi kwa kila sekunde, na unafika 6,400. Kikomo cha gari hili kilikuwa kimewekwa 6,200. Injini ikagonga kikomo, kompyuta ikakata petroli, na gia ikaingia katikati ya vurugu hiyo. Wala hapakuwa na klachi iliyoshindwa kushika. Amri yenyewe ilikuwa imechelewa kutoka.

Ushauri unaopatikana kila mahali kwa tatizo hili ni kupandisha kikomo. Mimi siukubali. Valvu na springi za injini ya kiwandani hazijaombwa kufika huko, na tena hakuna faida. Injini hii hutoa nguvu yake ya juu kabisa kwenye 5,200, na konveta iliyolegea ina sifa moja nzuri ambayo watu huisahau: gia ya pili ikiingia, injini haidondoki hadi 3,200 kama ambavyo uwiano wa gia unadai, bali inashuka hadi kwenye 4,400 hivi na kuendelea kuvuta kutoka hapo. Kadiri mizunguko inavyoshuka kidogo baada ya badiliko, ndivyo haja ya kuivuta injini juu kabla ya badiliko inavyopungua. Nililenga 5,900. Niliandika amri itoke kwenye 5,400, na mwendo nikaushusha kutoka maili 39 hadi 35, ili mizunguko ndiyo iamue. Sikuushusha hadi sifuri, jambo ambalo wengine hulifanya, kwa sababu mwendo ule ni mlinzi wa ziada ambaye hagharimu kitu. Kwa badiliko la gia ya pili kwenda ya tatu tofauti ilikuwa ndogo zaidi, kutoka maili 76 hadi 73, kwa kuwa katika gia ya pili utelezi hupungua na injini haipandi kwa kasi ileile.

Hapo panataka uangalifu wa aina moja. Sensa ya mwendo iko kwenye mkia wa giaboksi, na haiwezi kujua kama tairi zinasukuma gari au zinazunguka bure juu ya lami. Rekodi yoyote ambayo tairi zimeteleza mwanzoni haifai kwa kupanga namba hizi. Tulizitupa kadhaa kwa sababu hiyo na kubaki na zile ambazo gari lilianza kukanyagwa likiwa tayari linatembea.

Tatizo la pili, la mizunguko kupanda na kushuka barabara kuu, ndilo lililokuwa likiiua giaboksi kimyakimya, ingawa mwenye gari aliliona kuwa dogo. Jedwali la lokapu lina mistari miwili kwa kila gia: mwendo wa kufunga na mwendo wa kufungua, kila mmoja ukibadilika kulingana na kiasi cha mafuta kilichokanyagwa. Katika faili la kiwandani mistari hiyo miwili ilikuwa karibukaribu, na kwenye gia ya nne lokapu ilifunguka mafuta yakipita robo hivi. Kwa konveta ya zamani kufunguka huko hakuhisiwi sana, kwa kuwa injini inapanda kwa mizunguko 200 au pungufu. Kwa konveta mpya, kwenye mwinuko wa daraja, lokapu ilifunguka na injini ikaruka kutoka 1,890 hadi 2,450 kwa mwendo uleule wa kilomita 100. Dereva, akisikia sauti ile, analegeza mguu kidogo bila hata kufikiri, lokapu inafunga tena, gari linapungua nguvu, anakanyaga, inafunguka. Hilo lilijirudia tangu chini ya daraja hadi juu.

Tazama namba hizo mbili, 1,890 na 2,450. Tabaini inazunguka kwa asilimia 77 tu ya pampu. Konveta huongeza toki kidogo katika hali hiyo, lakini hata ukihesabu ongezeko hilo, karibu asilimia 15 ya nguvu haifiki kwenye magurudumu. Injini ikiwa inatoa kilowati 25, ambazo si nyingi kwa gari la uzito ule kwenye mwinuko, kilowati 3.75 zinageuka kuwa joto ndani ya oili. Hilo ni joto la majiko mawili ya umeme yakiwaka kwa pamoja, ndani ya chombo kinachopozwa na kisehemu kidogo cha rejeta ya injini. Rekodi ya kwanza ilionyesha oili ikifika nyuzi 118 za Selsiasi kwenye foleni ya mchana baada ya kutoka barabara kuu. Oili ya giaboksi huishi vizuri kati ya nyuzi 80 na 95. Ikizoea kupita 120 huanza kupoteza uwezo wake haraka, sili za mpira hukakamaa, na hapo ndipo klachi ya tatu na nne hupata sababu ya kweli ya kuungua.

Niliipanga lokapu upya kabisa. Katika gia ya nne niliiacha ibaki imefungwa hadi mafuta yafike nusu, na nikaachanisha mistari ya kufunga na kufungua kwa takribani kilomita 12 kwa saa ili isiwe na nafasi ya kucheza. Dereva akitaka nguvu zaidi ya hapo, kompyuta inarudi gia ya tatu badala ya kufungua tu konveta kwenye gia ya nne. Kwa injini hii ni afadhali sana, kwa sababu mizunguko ileile inayopatikana kwa utelezi inapatikana kwa gia, bila joto. Kisha nikahamisha kuingia kwa gia ya nne. Kiwandani iliingia mapema, kwenye mwendo wa kilomita 60 hivi ukikanyaga kidogo. Kwa lokapu iliyofungwa, mwendo huo ni mizunguko 1,135, na gari linatetemeka kwa kuelemewa; kwa lokapu iliyofunguliwa ni utelezi mtupu. Hakuna jibu zuri hapo, kwa hiyo gia ya nne haina kazi hapo. Sasa gari linabaki gia ya tatu, lokapu inafunga kuanzia kilomita 70, ambapo injini iko kwenye 1,900, na gia ya nne inaingia kwenye 85 ikiwa 1,600 hivi.

Lilibaki jambo moja ndani ya lokapu yenyewe. Kompyuta ya gari hili haikuwa ikiifunga klachi hiyo moja kwa moja. Solenoidi yake, valvu inayoendeshwa kwa umeme, hupewa umeme kwa mapigo, na shinikizo hupandishwa taratibu ili abiria wasihisi chochote, na hata baada ya hapo rekodi zilionyesha utelezi mdogo wa mizunguko 30 hadi 60 ukiendelea. Konveta za General Motors zilizokusudiwa kuteleza hivyo zilipewa ngozi ya klachi iliyofumwa kwa nyuzi za kaboni, inayohimili msuguano wa muda mrefu. Konveta nyingi za mashindano zina ngozi ya kawaida ya karatasi ngumu kwenye bamba moja, na huu utelezi mdogo unaomfurahisha abiria huisaga polepole na kuimwaga kwenye oili. Niliweka lengo la utelezi kuwa sifuri na kufupisha kipindi cha kupandisha shinikizo. Lokapu sasa inahisika inapofunga, kama mguso mdogo. Mwenye gari aliuliza kama hiyo ni dalili mbaya, nikamwambia ni dalili kwamba inashika.

Kuhusu pigo la gia ya kwanza kwenda ya pili mjini, chanzo chake kilikuwa na tabaka mbili. La kwanza ni kujifunza kwa kompyuta. Kompyuta hupima kila badiliko limechukua muda gani kwa kutazama mizunguko ya injini inavyoshuka, na ikiona ni muda mrefu, huongeza presha ya oili kwa badiliko linalofuata. Kwa konveta iliyolegea injini hushuka polepole na kwa kiasi kidogo, kwa hiyo kompyuta iliona kila badiliko kama linachelewa, ikaongeza presha, ikaongeza tena, hadi seli za kumbukumbu zikajaa mwisho. Tabaka la pili lilikuwa kazi ya mkono wa mtu: kabla gari halijanifikia, jedwali la presha lilikuwa limepandishwa hadi juu karibu kila mahali, kwa imani kwamba presha nyingi huzuia klachi kuteleza.

Hapa ninataka kusema waziwazi, kwa sababu tabia hii imeenea. Presha ya juu ina mahali pake, nayo ni kwenye mzigo mkubwa. Ukiiweka pia kwenye mzigo mdogo, bendi inabana kwa kishindo na kishindo hicho kinabebwa na ganda la gia ya jua, kipande kinachojulikana kuvunjika kwenye giaboksi hizi, na kikivunjika unakosa gia ya pili, ya nne na ya kurudi nyuma kwa pamoja. Presha hiyo haiongezi uhai wa pleti wakati gari linatembea kilomita 30 kwa saa. Tena anayegusa jedwali hili lazima akumbuke kwamba solenoidi ya presha inafanya kazi kinyume na vile mtu angefikiri: umeme wa ampea 0 ndio presha ya juu kabisa, na ampea 1.1 ndiyo presha ya chini. Imepangwa hivyo ili waya ukikatika giaboksi ibaki na presha ya kujilinda. Nimewahi kuona jedwali lililogeuzwa na mtu aliyedhani anaongeza, na magari ya namna hiyo ndiyo kweli huunguza klachi.

Nilirudisha presha ya mzigo mdogo kwenye viwango vya kiwandani, nikaongeza kiasi cha wastani kuanzia toki ya kati kwenda juu, nikafuta kumbukumbu zote za kujifunza, na nikarefusha muda ambao kompyuta inautarajia kwa badiliko la kwanza ili isianze tena safari ileile. Upunguzaji wa taimingi ya cheche za plagi wakati wa kubadilisha gia, ambao wengi huufuta kabisa kwa sababu unaonekana kuiba nguvu, niliuacha kwa sehemu. Sehemu ya sekunde ambayo injini inapumzika huku klachi ya tatu na nne ikishika ni bei ndogo sana kwa kipande kilicho dhaifu kuliko vyote mle ndani.

Sailensa ilikuwa rahisi. Konveta iliyolegea huibebesha injini mzigo mdogo gia ikiwa imeingizwa na gari limesimama, kwa hiyo hewa ileile iliyokuwa ikitosha kushikilia 700 sasa ilikuwa ikiisukuma injini kuelekea 1,000. Kompyuta hii ina jedwali tofauti la hewa kwa gia iliyoingizwa na kwa gia iliyo huru. Nilipunguza la kwanza na sikuligusa la pili.

Vifaa vilivyoongezwa ni viwili tu: kipoza oili cha pembeni, kilichofungwa mbele ya rejeta ili oili ipite kwanza kwenye rejeta kisha kwenye kipoza na ndipo irudi, pamoja na oili mpya na chujio lake. Mpangilio huo wa rejeta kwanza una maana hata kwa Texas, kwa sababu asubuhi za baridi maji ya injini huipasha oili haraka na kuiacha ifanye kazi mapema. Kipoza hicho kingepaswa kufungwa siku ileile ya konveta. Ni kitu cha bei ndogo ukilinganisha na konveta yenyewe, na sijui ni kwa nini kinaachwa mara nyingi hivi.

Baada ya kazi hiyo, gia ya pili ilikuwa ikiingia kwenye 5,900, juu au chini kwa kidogo, bila kugonga kikomo. Madarajani injini ilikaa kwenye mstari mmoja, na mwinuko ukizidi gari lilirudi gia ya tatu mara moja na kutulia huko hadi juu. Oili, kwenye njia ileile na foleni ileile ya mchana, ilikaa kwenye nyuzi 88. Badiliko la kwanza kwa mwendo wa taratibu linasikika bado, kwani konveta ya aina hii haitoi ulaini wa kiwandani, lakini kishindo hakipo. Tulirudia jaribio la lokapu kwenye gia ya tatu na ya nne, safari hii kwa mzigo mkubwa zaidi, na injini haikuachana na hesabu.

Mwenye gari ana mpango wa kubadilisha difu kwenda 3.73 mwakani. Nimemwandikia kwamba siku hiyo asianze kuendesha na faili hili. Mwendo wa kila badiliko la gia na wa kila lokapu utashuka kwa uwiano wa 3.23 kwa 3.73, yaani hadi asilimia 87 hivi ya ulivyo sasa, na kama namba za sensa ya mwendo hazitasahihishwa kwanza, kompyuta itaamini gari linakwenda kasi kuliko kweli, na mabadiliko yote yatakuja mapema. Kwa sasa aangalie rangi ya oili kila anapobadilisha ya injini, na skana aiache imeunganishwa siku za mbio, akirekodi mizunguko, mwendo, gia iliyoamriwa na joto la oili, kisha aniletee faili kabla ya kusikiliza hukumu ya mtu mwingine.